Visu Sita na Ufagio Mmoja

Karakana ya Visu,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, Mvunja Ncha,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto? Kile kikohozi cha wifi kimeisha, au bado kinawaamsha wote? Na mgongo wako je? Usinijibu kwamba mgongo haujambo halafu nisikie kwa watu kwamba unavaa viatu umelala kitandani. Jitunzeni, nawaombeni. Mtu akiugua mbali na ndugu zake, huku sisi ndio tunaokosa hamu ya chakula.

Sisi hapa ni wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake haujapata kuugua hata siku moja, na kila akiona barua yako anauliza kwa nini unaandika kwa kifupi kama mtu anayejaza risiti. Shemeji yako yuko kwenye cherehani yake tangu asubuhi. Wapwa zako wanakua kwa kasi, viatu haviwakai.

Sasa nikueleze kuhusu Baba, na usishtuke. Macho yamezidi kufifia. Mtoto wa jicho ametanda pande zote mbili. Akitazama mlangoni anaona kuna kivuli cha mtu, lakini hajui ni nani mpaka mtu mwenyewe aongee. Daktari wa macho amemwandikisha kwa upasuaji na anasema kuna matumaini makubwa, kwa hiyo tunangoja zamu yake. Wakati huohuo Baba anakuja karakana kila siku kama kawaida. Anakaa kwenye kiti chake karibu na jiliwa la kubania vyuma, ananoa kwa kupapasa, na ole wake atakayemshika mkono kumwongoza. Juzi alimfokea padri wa watu aliyetaka kumvusha barabara.

Kifurushi chako kilifika salama. Ila mdogo wangu, visu ndani ya soksi? Umelelewa kwenye karakana ya visu, umekula na kuvaa kwa visu, halafu unavifunga kwenye soksi kama vitunguu! Mama amezifua hizo soksi na shemeji yako anazitembelea mjini. Anakushukuru, anasema zina joto.

Nilimsomea Baba kile kikaratasi chako, kwamba umeviokota kimoja kimoja kwenye masoko ya vitu vikuukuu huko uliko, na kwamba unaomba akutajie majina yake. Ungemwona! Alikaa wima kama bwana harusi anayepigwa picha. Akaniambia niondoe kila kitu mezani, nitandike kitambaa safi, nivipange visu vyote vimefungwa, na nisiseme neno. Fundi viatu wa kibanda cha mbele, yule asiyeweza kusikia kijiko kikianguka bila kuja kuuliza, alikuwa ameshavuta kigoda.

Wewe umekaa mbali miaka mingi, labda umesahau utaratibu wetu, basi nikukumbushe. Kisu cha kukunja kinatajwa mwili kwanza, bapa, kile chuma chenye makali, baadaye. Mwili unautambua kikiwa kimefungwa: umbo la mpini, kofia za chuma za mwishoni, idadi ya mabapa na yanafungukia wapi. Ndipo unakifungua utaje umbo la bapa. Na asiyekubali jina lililotajwa anaweza kupinga, ila akishapinga haruhusiwi kukigusa tena kile kisu. Anaeleza kwa mdomo, na aliyetaja ndiye anayehakikisha kwa mikono yake. Atakayeshindwa anafagia vumbi la chuma karakana nzima kesho yake asubuhi.

Unajua nani amefagia karakana ile tangu uondoke. Mimi. Mwanzoni nilikuwa nabisha kwa ujinga, baadaye nikawa nabisha kwa ukaidi, na zaidi ya mara moja nilikuwa na hakika kabisa na bado nikafagia. Baba yetu hakosei visu. Na kwa sababu hakosei, hajawahi kuniita fundi. Sikwambii haya kwa kulalamika, nakwambia ili ujue nilikuwa nabeba nini siku hiyo. Fundi viatu anaitwa fundi, naye aliwahi kunishonea soli ikabaki barabarani mimi nikaendelea na safari. Yule wa kuziba mabomba anaitwa fundi. Mimi ninayebadilisha springi, ninayepiga ribiti, ninayepokea wateja wote tangu macho ya Baba yapungue, naitwa "binti". Mteja akiuliza fundi yuko wapi, Baba anaitika kabla sijafungua kinywa.

Haya, turudi mezani. Cha kwanza alikishika, akapitisha kidole gumba kwenye ile kofia ya chuma iliyofunika karibu theluthi ya mpini upande mmoja. "Kofia Ndefu," akasema. Akakifungua. Bapa moja, mgongo wake umemegwa karibu na ncha kama mtu aliyeng'ata kipande cha mkate. "Megwa," akasema, na hakungoja jibu.

Cha pili ni kile kilichoinuka ncha zote mbili. Hata mtoto angekijua kuwa ni Mtumbwi, lakini Baba alitaja na mabapa yake mawili: Mkuki upande mkubwa, Kalamu upande mdogo. Akamweleza fundi viatu kwamba Mkuki ni lile bapa ambalo mgongo na makali vinapinda sawasawa vikutane katikati, na Kalamu ni mtoto wake, enzi zile watu wakichongea kalamu zao.

Cha tatu kilimfurahisha zaidi. Mwili umepinda kama nyoka aliyelala, mabapa matatu. "Mfugaji!" Akayafungua yote yakasimama kama vidole. Megwa, Kwato, Hasi. Kwato akalilaza juu ya jiwe la kunolea ili fundi viatu aone: makali yamenyooka kama rula, yameligusa jiwe mwanzo hadi mwisho, na mgongo ndio unaoshuka mbele kuyafuata, kwa hiyo ncha iko chini kabisa. Hasi ni lile la mviringo mbele, lisilo na ncha ya kuchoma, la kuhasia madume ya mifugo. Fundi viatu aliposikia kazi yake alikusanya magoti, na mpaka leo akipita mbele ya meza anauliza kama lile bapa limefungwa.

Cha nne kilikuwa Mtegaji, mabapa mawili marefu yanayofungukia upande mmoja. Cha tano ni Karanga, kadogo mno, na hicho usikihesabu tena. Mama alipita, akauliza hicho cha kukatia uzi ni cha nani, na hakungoja jibu. Kiko kwenye kikapu chake cha kushonea.

Basi Baba amepatia vitano mfululizo, fundi viatu anapiga makofi, wapita njia wawili wamesimama mlangoni. Nilimtazama, mdogo wangu, na nikajivuna naye. Mzee haoni sahani yake ya chakula, lakini kisu anakisoma kwa vidole. Nikasema moyoni, watu wote wenye macho waje watazame.

Akashika cha sita.

Mwili mwembamba upande mmoja, mnene na wa mviringo upande wa pili. "Chozi," akasema, na ilikuwa kweli. Magamba yanayofunika mpini ni ya mbao. Akalibana bapa kwa vidole vyote akalivuta, maana ukucha wake wa gumba ulipasuka zamani na huwa hatumii mfuo wa ukucha, kile kijifereji cha kwenye bapa cha kufungulia. Akapapasa mgongo unavyoshuka, akagusa ncha iko chini. "Kwato. Kazi imekwisha. Binti, chai."

Nilikichukua ili nikifunge, nikakipitisha mkono mmoja kwenda mwingine. Nikataka kukifungua tena kwa ukucha, tabia tu, na ukucha wangu ukateleza. Bapa laini kabisa. Hakuna mfuo. Nikakigeuza, nikauona uko upande wa pili, na umeliwa nusu, nusu ya juu imekwenda na mgongo. Nikatazama makali dhidi ya mwanga wa mlango. Hayakunyooka.

Niliweka kisu mezani mbele yake. Nakwambia ukweli, niliogopa. Kufagia nimezoea. Niliogopa kuwa nimepatia. Mzee wa watu amebaki na mikono tu, na mimi ndiye nije nimwambie mbele ya watu kwamba mikono nayo imekosea? Nikawaza nikachemshe chai ninyamaze. Halafu nikawaza kwamba nikinyamaza kwa huruma, siku hiyo ndiyo nitakuwa nimemfanya kipofu kweli.

"Napinga," nikasema.

Fundi viatu akacheka. "Anaupenda ufagio huyu!"

"Unapinga mwili au bapa?" Baba akauliza.

"Bapa. Limezaliwa Mkuki, Baba. Lilivunjika ncha, na mtu akalishusha mgongo ili apate ncha mpya."

"Nimeligusa. Ncha iko chini."

"Liweke juu ya jiwe, kama ulivyoliweka lile la Mfugaji."

Akaliweka, makali chini. Lile Kwato la kwanza lilikuwa limetulia juu ya jiwe. Hili lilicheza. Akalibonyeza mbele likainuka nyuma, akalibonyeza nyuma likainuka mbele, tik, tik, kama kiti chenye mguu mfupi. Makali yalikuwa bado na tumbo la Mkuki. Wa mlangoni wakasogea karibu.

"Endelea," Baba akasema, na sauti yake imebadilika.

"Tafuta mfuo wa ukucha."

Akatafuta mahali unapokuwa siku zote. "Haupo."

"Geuza, Baba."

Akageuza. Niliona kidole chake kikitembea polepole juu ya bapa, kikafika kwenye ile nusu ya mfuo, kikasimama. Hakikutoka hapo.

Mdogo wangu, wewe mashoto, ndugu yangu wa damu, si unajua sasa naongelea kisu gani? Mifuo ya dunia nzima imekatwa kwa watu wa mkono wa kulia. Baba katika maisha yake amekata mmoja tu upande wa pili, kwa sababu alikuwa na mtoto aliyelia kila akishindwa kufungua kisu kwa mkono wake wa kushoto. Alikupa kisu hicho asubuhi uliyosafiri. Kilikuwa na magamba ya pembe na bapa la Mkuki, na alikuambia usikitumie kufungulia makopo.

Umekitumia kufungulia makopo. Usibishe. Jina la Mvunja Ncha hukulipata bure.

Kwa hiyo ulikichomeka katikati ya vile vingine makusudi, na nilikuelewa palepale. Ulitaka kujua kama Baba atakitambua. Lakini pembe umezibadilisha ukaweka mbao, ncha umeivunja ukampa mtu akashusha mgongo, halafu unamtegea mzee asiyeona! Kama ungekuwa karibu ningekufinya. Na ningekukumbatia pia, maana kofia zake zimelika kwa kubebwa mfukoni, na chuma hakina kutu hata kidogo. Umekitunza miaka yote hii. Hilo nalo nimelisoma.

Baba aliwaambia watu mlangoni kwamba karakana imefungwa, mchana kweupe. Fundi viatu aliondoka na kigoda chake bila kuuliza kwa nini, nadhani kwa mara ya kwanza. Baba alikifunga kisu kiganjani, akasema, "Nilikuwa nakitafuta kwa pembe. Tangu nishike cha kwanza nilikuwa nakitafuta. Nilijua hawezi kutuma visu bila kukituma."

Usije ukafikiri alikisahau, mdogo wangu, wala usije ukafikiri amekusahau. Alikuwa anakutafuta katika vile visu vyote na ukampita mikononi kwa sababu mmebadilika, wewe na kisu chako. Alilia kidogo. Na mimi nililia. Halafu akauliza chai yake iko wapi.

Jioni mezani hakutaja habari ile. Nikadhani imekwisha, na kwamba nimemuumiza. Niligeukageuka kitandani mpaka shemeji yako akauliza kama kuna kisu kwenye godoro.

Kesho yake nilichelewa kidogo kwa sababu ya viatu vya mpwa wako. Nilipofika nikakuta mlango wa karakana uko wazi na vumbi linatoka nje. Niliingia ndani, nikamkuta Baba ameshika ufagio.

Alikuwa amekunja mikono ya shati. Anafagia kwa kusikiliza, anapiga ufagio chini, anasikia chembe za chuma zinakwaruza, anazifuata. Kona zote ameziruka, na nusu ya chembe ameipeleka chini ya jiliwa. Nilinyoosha mkono nimpokee.

"Acha," akasema. "Sheria ni sheria."

Nikaacha. Niliweka mkoba, nikavaa aproni, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiliwa kwa sababu hakukuwa na kingine. Ni kiti chake. Alisikia kikilia, akaendelea kufagia.

Hapo ndipo alipoingia daktari mmoja wa mifugo, mteja wetu wa siku nyingi, na kisu chake cha kukunja kimelegea springi. Akasimama mlangoni, akamwona mzee kwenye vumbi na mimi nimekaa, akachanganyikiwa. Akamuuliza Baba kama ilivyo desturi: "Fundi upo?"

Nikafunga mdomo nimsubiri aitike, maana amekuwa akiitika miaka yote.

Baba akaegemea ufagio. "Fundi yupo, amekaa pale," akasema. "Mimi leo nafagia."

Nilikipokea kile kisu, nikataja mwili, nikataja bapa, na Baba akawa anafagia kuelekea mlangoni kwa fahari kama mtu anayefuta ukumbi wa mfalme. Fundi viatu aliyaona yote kutoka kibandani kwake. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua, na Mama alikuja mwenyewe kwa magoti yake mabovu kuhakikisha.

Kisu chako nakirudisha pamoja na barua hii, kwenye kitambaa chenye mafuta na siyo soksi. Baba alitaka nilirudishie bapa umbo la Mkuki. Nilimwambia hapana, tutalifupisha mno, na lilivyo sasa linakata vizuri. Akafikiri, akasema, "Sawa, fundi." Kwa hiyo nimelinoa tu, nimekaza springi, na ile nusu ya mfuo nimeichimba kidogo ili ukucha wako wa kushoto upate pa kushika. Magamba ya mbao sijayagusa. Baba amekishika tena mara nyingi tangu siku ile, na sasa hivyohivyo kilivyo atakitambua popote.

Ukija, na uje kabla watoto hawajawa wazito wa kubebwa, ataweka visu mezani, akufumbe macho na wewe utaje. Jiandae. Ufagio uko nyuma ya mlango.

Msalimie wifi yangu sana, nimemtumia kitambaa cha kujifunika mgongoni alichokishona shemeji yako. Wabusu watoto. Huku wanakusalimu Mama, ambaye anakushukuru kwa Karanga ambayo hukumpa; shemeji yako na soksi zako; wapwa zako wote; na fundi viatu, anayesema usitume tena bapa la Hasi. Baba amenishika mkono hapa niandike maneno yake kama alivyoyasema: kisu kimefika nyumbani, sasa na mwenyewe afike. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na awaletee safari ya kuja huku.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Dada yako,
Fundi.